Ngao, Duara na Pembetatu: Maumbo ya Vita Kutoka Uhehe hadi Nembo za Karate

Umbo lililotawala vita vya Nyanda za Juu Kusini katika karne ya 19 ni duaradufu. Ngao ya ngozi ya ng'ombe, ndefu, iliyochongoka kidogo juu na chini na kupitishwa fimbo katikati toka ncha hadi ncha, ilibebwa na Wangoni, Wasangu na Wahehe. Vilima vya Mufindi, ambako Nyololo imekaa leo kando ya barabara kuu kati ya Mafinga na Makambako, viko pale Uhehe inapokutana na Ubena. Ilikuwa nchi ya kati: Wangoni walikuwa kusini yake, Wasangu magharibi, na ngome ya Wahehe ya Kalenga kaskazini.

Ngao hiyo haikuzaliwa hapa. Ilitoka kwa watu wa Kinguni wa kusini mwa Afrika. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, likapanda taratibu hadi Ufipa, na huko ndiko kiongozi huyo alikofia mwishoni mwa miaka ya 1840. Baada ya kifo chake watu wake waligawanyika, na baadhi yao wakaishia Songea. Walikuja na mambo matatu yaliyogeuza vita ya eneo zima: mkuki mfupi wa kuchomea badala ya kurusha, vikosi vilivyopangwa kwa rika, na ngao kubwa ya kumfunika mpiganaji. Wenyeji waliopigwa hawakubaki wakilalamika, waliiga. Wasangu wa ukoo wa Merere waliiga, kisha Wahehe wakajifunza kwa Wasangu na kwa Wangoni wenyewe. Kuiga kulienea kiasi kwamba watu wa pwani walikuwa na jina moja, Mafiti, walilowabandika Wangoni na waigaji wao bila kutofautisha nani ni nani.

Namna ngao ya Kinguni ilivyotengenezwa inaeleza umbo lake kuliko hekaya yoyote. Ngozi mbichi ilitandazwa chini, ikapigiliwa vigingi kuzunguka ukingo wake na kuachwa ikauke juani. Baadaye ilifukiwa kwenye samadi, ikatolewa na kupondwa kwa mawe mpaka ikawa ngumu bila kuvunjika. Ngozi moja ilitoa ngao mbili, moja kila ubavu, na kwa hiyo wapiganaji wawili waliweza kusimama bega kwa bega na mabaka yanayolingana kama ya pacha. Katikati ya ngao fundi alipasua safu mbili za mipasuo midogo sambamba, akapenyeza humo kanda za ngozi ya rangi nyingine: nyeupe kwenye ngao nyeusi, nyeusi kwenye ngao nyeupe. Kanda hizo ndizo zilizoishika fimbo upande wa nyuma na kuizuia ngozi isijikunje. Upande wa mbele zilionekana kama ngazi mbili za mistatili midogo zilizosimama wima, na asiyejua angeapa kuwa ni urembo. Ni mshono.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila inapozungumzwa maana ya maumbo katika nembo za wapiganaji. Kwa kawaida umbo huanza na kazi, likaja kuwa alama ya kutambulishana, na mwisho kabisa, pengine baada ya vita vyenyewe kwisha, likapewa falsafa. Historia ya ngao za Nyanda za Juu Kusini imepita hatua zote hizo.

Hatua ya pili, ya kutambulishana, ilikuwa ya rangi kuliko ya mistari. Katika ufalme wa Wazulu, ambako mtindo huu ulikomaa, ngao zilikuwa mali ya mfalme, na kila kikosi kilipewa za rangi yake. Vijana walibeba za giza. Kadiri kikosi kilivyozeeka katika vita, weupe uliongezeka, hata ngao nyeupe tupu ikawa dalili ya askari wazoefu. Kamanda aliyesimama kilimani aliweza kujua kikosi gani kimesonga na kipi kimekwama kwa kutazama rangi tu.

Kulikuwa na umbo lingine ambalo halikuchorwa popote: mpangilio wa jeshi lenyewe. Wanguni waliuita pembe za ng'ombe. Kikosi cha kifua kilimkabili adui uso kwa uso, vikosi viwili vya vijana wepesi vikatanuka kulia na kushoto kama pembe ili kumzunguka, na nyuma wakabaki akiba. Ukitazama kutoka juu unaona mwezi mwandamo ukijifunga kuwa duara, na aliyebaki ndani ya duara hilo hakuwa na pa kutokea. Ubunifu huu, wa kumzingira adui badala ya kumsukuma, ulikuwa hatari kuliko mkuki wenyewe.

Wahehe walitoka kuwa tawala ndogo ndogo na kuwa dola chini ya Munyigumba, baba yake Mkwawa. Mwaka 1877 konsuli wa Kiingereza James Elton alijikuta ndani ya mji wa Merere wakati Wahehe wameuzingira, na safari yake ikakwama mpaka mzingiro ulipokwisha. Munyigumba alifariki muda mfupi baadaye, na mwanawe Mkwavinyika, anayejulikana zaidi kama Mkwawa, akarithi nchi baada ya ugomvi wa urithi. Vita kati ya Wahehe na Wangoni vilivyoanza mwaka 1878 vilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1880 bila mshindi wa wazi. Hilo si ajabu. Pande zote mbili zilikuwa na ngao ileile, mkuki uleule na mbinu ileile.

Siku iliyoiingiza ngao ya Wahehe katika historia ya dunia ni tarehe 17 Agosti 1891. Msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, wenye askari mia tatu na ushei, wapagazi na mizinga, ulikuwa ukipita katika vichaka vya Lugalo kwa mstari mrefu mwembamba, mtu nyuma ya mtu. Mstari ndilo umbo baya kuliko yote kwa jeshi linalovamiwa ubavuni. Wahehe walikuwa wamejilaza kando ya njia, na ishara ilipotolewa walitoka mbio kwa mikuki kabla askari hawajapata nafasi ya kupiga risasi nyingi. Mapigano makubwa yalikwisha kwa dakika chache. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengi aliokuwa nao na sehemu kubwa ya askari wake, na bunduki mia kadhaa zikaangukia mikononi mwa Mkwawa. Jina la Lugalo limepewa kambi ya jeshi jijini Dar es Salaam.

Lakini bunduki hizo hizo ndizo zilizoitangazia ngao kifo chake. Ngozi, hata ikipondwa vipi, haizuii risasi. Ngome ya Kalenga, yenye kuta za mawe na udongo, ilivunjwa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa akaendelea na vita vya msituni hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi. Fuvu lake, lililopelekwa Ujerumani, lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 na kurudishwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining. Liko katika makumbusho ya Kalenga. Ngao nazo zilihamia makumbusho ya Ulaya, zikiwa zimetundikwa ukutani na karatasi ya maelezo pembeni. Nyingine zilibaki kwenye ngoma, ambako zinapungwa hewani bila kuzuia chochote.

Kaskazini ya Uhehe palikuwa na taaluma ya ngao iliyokwenda mbali zaidi katika michoro. Wamasai walitengeneza ngao za ngozi ya nyati, nazo za duaradufu, na kuzipaka rangi nyekundu, nyeupe, nyeusi na kijivu. Michoro hiyo waliiita sirata. Mstari mpana uliigawa ngao katikati toka juu hadi chini, na kila upande ukawa na alama zake: nusu duara, mlolongo wa maumbo madogo ukingoni, mabaka yaliyorudiwa kwa kipimo. Mjuzi alisoma humo rika la mbebaji na sehemu ya Umasai aliyotoka. Ilikuwapo alama nyekundu ambayo kijana hakuruhusiwa kuichora kwa hiari yake. Ilitolewa kwa idhini, kwa aliyethibitisha ushujaa vitani. Kwa maneno mengine, ilikuwa nishani kamili, tofauti tu ni kwamba haikuvaliwa kifuani bali ilitangulizwa mbele ya adui. Hapa umbo limeshaanza kusema jambo ambalo mshono wa Wanguni haukulisema: si kwamba huyu ni wa kikosi fulani tu, bali kwamba yeye mwenyewe ametenda jambo.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya za Afrika Mashariki zilihitaji nembo, na zote ziligeukia ngao. Nembo ya Tanzania, ambayo wananchi wengi huiita tu Bibi na Bwana kwa sababu ya mwanamume na mwanamke wanaoishikilia, ina ngao ya mpiganaji katikati, juu ya Mlima Kilimanjaro. Ndani ya ngao hiyo sehemu ya juu ni ya dhahabu yenye mwenge. Chini yake ni rangi za bendera ya taifa. Kisha sehemu nyekundu yenye shoka na jembe vilivyopishana. Na chini kabisa mistari ya mawimbi ya bluu na nyeupe. Mkuki umesimama wima, ukiwakilisha ulinzi wa uhuru. Ukiitazama kwa jicho la fundi, nembo hii ni somo la jiometri: mistari ya ulalo kwa ardhi na maji, msalaba wa mshazari kwa kazi, wima kwa ulinzi. Kenya, iliyopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, iliweka ngao ya Kimasai na mikuki miwili iliyopishana katikati ya bendera yenyewe. Uganda nayo iliweka ngao, ngoma na mikuki miwili katika nembo yake. Tofauti inafaa kutajwa: Kenya ilichukua ngao ya watu mahususi inayotambulika kwa michoro yake, wakati Tanzania ilichukua umbo la ngao na kuijaza alama zisizo za kabila lolote. Uamuzi huo wa Tanzania unalingana vizuri na siasa yake ya wakati huo ya kujenga taifa moja lisilo na ukabila.

Wakati ngao ikipanda kwenye noti na milango ya ofisi za serikali, maumbo mengine ya mapigano yalikuwa njiani kutoka Asia. Yaliingia kwa milango miwili. Mmoja ni sinema: filamu za Bruce Lee, hasa Enter the Dragon ya mwaka 1973, zilijaza majumba ya sinema ya miji ya Tanzania, na vijana wakatoka nje wakirusha mateke barabarani. Mwingine ni walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu Dar es Salaam, na dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, lililokuwa katika Shule ya Sekondari Zanaki likawa chimbuko la wacheza karate wengi nchini. Judo ilipata nguvu zaidi Unguja, kwa juhudi za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka. Pamoja na gi, yaani vazi jeupe la mazoezi, na mikanda ya rangi zikaja nembo za kushonea kifuani upande wa moyo.

Nembo ya Kodokan, shule ya judo iliyoanzishwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, ni umbo la pande nane lenye duara jekundu katikati na weupe kulizunguka. Pande nane zinahusishwa na kioo kitakatifu cha Wajapani. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba chuma kimefungwa ndani ya pamba: ugumu uko ndani, ulaini uko nje. Maelezo hayo yanaafikiana na judo kwa sababu kanuni yake ya msingi ni kutoshindana na nguvu ya mpinzani bali kuifuata na kuigeuza. Hata hivyo mtu angeweza kulitazama duara lilelile jekundu kwenye nyeupe na kuona bendera ya Japani tu, na asingekuwa amekosea sana.

Okinawa, kisiwa kilichozaa karate, kina nembo yenye historia inayokaribiana ajabu na ya Uhehe. Maumbo matatu yaliyopinda kama viluwiluwi, yanayofukuzana ndani ya duara, yalikuwa alama ya ukoo wa wafalme wa Ryukyu. Japani iliufuta ufalme huo mwaka 1879. Mfalme aliondoka, alama ikabaki, na leo shule nyingi za karate za Okinawa zinaivaa.

Jina la mtindo wa Goju-ryu, ulioasisiwa na Chojun Miyagi, linaunganisha ugumu na ulaini, na nembo ya mtindo huo inayojulikana zaidi ni ngumi, inayosemekana kuchorwa kwa kufuata mkono wa kulia wa Miyagi mwenyewe. Shotokan, mtindo wa Gichin Funakoshi, inatambulika kwa chui milia aliyejikunja ndani ya duara, kazi ya msanii Hoan Kosugi. Kyokushin ya Mas Oyama imechukua njia ya kuvutia zaidi. Nembo yake inatokana na kata, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa, iitwayo Kanku. Mwanzoni mwa kata hiyo mchezaji huinua mikono miwili juu ya kichwa, vidole vya shahada na gumba vikigusana na kuacha uwazi wa pembetatu, naye akatazama anga kupitia hapo. Ncha za nembo ni vidole, sehemu nene ni vifundo vya mikono, na kitovu cha duara ni kina kisicho na mwisho. Huu ni mfano safi wa umbo lililotoka kwenye tendo: aliyefanya kata hiyo hahitaji kuelezwa nembo, na asiyeifanya ataona ua la ajabu.

Pembetatu, duara na mraba pamoja ni alama ya aikido, sanaa ya Morihei Ueshiba. Pembetatu ni mwili uliosimama tayari na kuingia kwa mpinzani, duara ni mzunguko unaoipokea nguvu yake, mraba ni udhibiti unaomlaza chini. Maumbo hayo matatu yalikuwa yamechorwa pamoja kabla ya hapo na mtawa wa Zen Sengai Gibon, aliyefariki mwaka 1837, naye hakuacha maelezo yoyote ya maana yake. Pengine ndiyo sababu kila shule imeweza kumwekea maneno mdomoni.

Mchoro wenye umaarufu kupita yote ni duara lililogawanywa kwa mstari wa mawimbi, nusu nyeusi na nusu nyeupe, kila nusu ikiwa na doa la mwenzake. Wachina waliutumia kueleza yin na yang, nguvu mbili zinazokamilishana. Bruce Lee aliuweka kwenye nembo ya Jeet Kune Do, mtindo wake mwenyewe, na kuuzungushia mishale miwili ili kuonyesha kwamba nguvu hizo hazitulii. Wakorea wanao kwenye bendera ya taifa, bila madoa, na taekwondo imeurithi pamoja na mistari mitatu mitatu inayouzunguka. Mfululizo wa mazoezi uitwao Taegeuk una sehemu nane, kila moja ikiwa na kundi lake la mistari mitatu, na mchezaji huichora mistari hiyo sakafuni kwa miguu anapokwenda, kugeuka na kurudi. Wengi hudhani mchoro wenyewe ni mali ya Asia peke yake. Lakini orodha ya vyeo ya dola ya Kirumi, Notitia Dignitatum, iliyoandikwa karibu na mwaka 400, inaonyesha mchoro unaofanana nao mno kwenye ngao za kikosi kimoja cha askari wa miguu, karne nyingi kabla ya mchoro wa Kichina kupata sura yake ya leo. Hakuna haja ya kubuni safari ya siri kati ya Roma na China. Duara likigawanywa kwa mkunjo mmoja linaonekana linazunguka, na askari wa Kirumi alitaka tu ngao itakayoonekana mbali.

Umbo la mwisho ni la uwanja wenyewe, na ndilo linaloamua mambo kuliko nembo yoyote ya kifuani. Mchezo wa fimbo wa kirumbizi huko Lamu na pwani hufanyika ndani ya duara la watazamaji, bila mstari wowote. Duara likibanwa na umati, wachezaji hubanwa nalo. Sumo ina duara la mita 4.55 kwa upana, na kukanyaga nje ni kushindwa. Mashindano ya karate ya kimataifa hufanyika kwenye mraba wa mita 8 kwa 8, mpinzani mmoja akifunga mkanda mwekundu na mwingine wa bluu, bila kujali rangi ya daraja lake wala nembo ya shule yake. Mwamuzi anahitaji kujua jambo moja tu kwa haraka: nani amepiga, nani amepigwa, na kazi hiyo inafanywa na rangi.